Kicheko cha Pili

Ukumbi ulikuwa juu ya duka la samani, na mwenye duka, mtu asiyependa kitu kikae bure, aliwakalisha watazamaji kwenye bidhaa zake. Ukija Jumamosi alasiri kusikiliza vichekesho, bahati yako ikiwa nzuri utakalia kochi la watu watatu ambalo bado limevikwa nailoni. Wachekeshaji wageni walichanganywa sana na ile nailoni, maana mtu akijigeuza kidogo tu inalalamika, na wewe uliye jukwaani unadhani umeguniwa. Chiriku, binti mchekeshaji wa ukumbi ule, alishaizoea. Ikilia sana alijua watu wamechoka na yampasa afupishe. Ikinyamaza kabisa, amewapata.

Jina la Chiriku alipewa na wenzake shuleni, kwa sababu ya mdomo, na alipoanza kupanda jukwaani hakuona haja ya kutafuta jingine. Siku za kazi alikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno, mahali ambapo, kama alivyopenda kusema, alijifunza kuzungumza na watu waliokuja wakiwa wamekwishaamua kutofungua midomo.

Watu hudhani kuchekesha ni kuwa na maneno mengi. Maneno mengi anayo kila mtu, na wapo ambao wangetufanyia hisani wakiyapunguza. Kuchekesha ni kazi, tena ya kushona na kufumua. Chiriku aliweza kukaa wiki nzima na sentensi moja, akiisema bafuni, akiisema huku akipanga mafaili ya wagonjwa, akilihamisha neno moja kutoka katikati kwenda mwisho. Neno lenye kicheko lazima likae mwisho, na baada yake usiongeze hata “jamani”. Watu wakianza kucheka, funga mdomo, usije ukakikanyaga kicheko chako mwenyewe. Kiache kipande. Kikianza kushuka, kabla hakijafika chini, tia neno jingine. Hapo ndipo kinapozaliwa kicheko cha pili, kile kinachomtoa mtu machozi na kumfanya aushike mkono wa jirani asiyemjua.

Hayo hakuyaokota njiani. Kulikuwa na Jumamosi ambazo vichekesho vyake vilidoda hadi akasikia friji ya soda ikinguruma kule nyuma. Siku moja mama mmoja wa kochi la mbele alimwonea huruma akamwambia, “Pole, mwanangu,” na hilo pole ndilo pekee lililochekesha siku ile. Alishuka, na wiki iliyofuata akarudi. Alijivunia kurudi kwake kuliko hata makofi, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Sasa, kulikuwa na kichekesho kimoja kilichomsumbua kuliko vyote, na hicho kilimhusu baba yake.

Baba alikuwa msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko nondo alizokuwa akizihesabu. Redio ikisema “nyimbo hii”, Baba huijibu “wimbo huu”, kisha husubiri kidogo kana kwamba redio itaomba radhi. Kwa ajili ya ulimi huo, alikuwa ndiye msemaji wa familia. Iwe harusi, iwe msiba, Baba anafunga vifungo vya koti, anakohoa mara moja, na ukoo mzima unatulia, pamoja na wale wajomba ambao hakuna polisi ambaye angeweza kuwatuliza.

Kisha, Chiriku akiwa bado mtoto, kaka yake Baba akafa. Baba mkubwa alikuwa kipenzi cha wote, na Baba alisimama mbele ya waombolezaji akiwa hajalala wala hajala. Alisema vizuri. Watu waliinamisha vichwa. Alipofika mwisho, pale pa kuwaombea wafiwa wapate kufarijika, ulimi ukateleza. Alisema, kwa ile sauti yake nzito ya heshima: “Ndugu zangu wafiwa, nawaombea nyote, wakubwa kwa wadogo, mpate kufariki mapema.”

Watu walijitahidi, Mungu awalipe. Waliuma midomo, walikohoa, mmoja akaingiza uso mzima ndani ya kofia. Lakini kicheko cha msibani hakina breki. Kilipasuka ndani, kikatoka barazani, kikafika kwa wapishi nyuma ya nyumba ambao hata hawakujua wanacheka nini. Baba alikaa chini, na tangu siku ile hakusimama tena kusema mbele ya watu. Shughuli zilikuja, yeye akaketi safu ya nyuma, akadai koo linamsumbua. Nyumbani jambo hilo halikutajwa. Ukitamka neno “faraja”, hata kwa nia njema, unaona kijiko kinawekwa mezani na chakula kimeishia hapo.

Kwa hiyo Chiriku alipoaga nyumbani kwamba anakwenda kuchekesha watu ukumbini, Mama alicheka, lakini Baba alimtazama kwa muda mrefu.

“Mimi nilichekwa siku moja tu, tena bila kutaka,” alisema. “Wewe unajipeleka mwenyewe kila wiki.”

Chiriku alitaka kumwambia kwamba kuchekwa na kuchekesha ni vitu viwili, na kwamba maisha yake yote sasa yalikuwa kuijua hiyo tofauti. Lakini yeye, ambaye watu walikuja kumsikiliza, kwa baba yake alikuwa bubu.

Lakini hadithi ile ilikuwa tamu mno kuiacha, na mchekeshaji ni mtu dhaifu. Alipanda nayo jukwaani, ila akamvisha jirani. “Jirani yetu mmoja,” alianza, “bingwa wa kusema misibani.” Watu walicheka, ndiyo. Walianza hata kuiomba kwa jina, “Ya msiba.” Lakini kicheko kilipanda mara moja, kikashuka, kikaisha. Cha pili kilikataa. Chiriku alitia chumvi kila upande: mara jirani akazimia, mara maiti ikapiga chafya. Kadiri alivyoongeza ndivyo nailoni ilivyolia.

Mshereheshaji wa ukumbi, mzee mmoja mwembamba waliyemwita Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha neno, alimweleza shida ilipo wakiwa wanakunja nyaya. Alimwambia kwamba huyo jirani, yeye Chiriku hamjui. Anajua jirani alichosema, lakini hajui anavyovaa, hajui anavyokohoa, na watazamaji wanalisikia hilo hata kama hawawezi kulitaja. Chiriku aliendelea kukunja waya. Alijua vifungo vyote vya lile koti. Ila angelivua jina la jirani, angempoteza baba, na hakuna kicheko duniani cha kulipia hasara hiyo.

Jumamosi iliyofuata aliwaona wakati ameshaanza kusema. Kochi la kahawia, la pili kutoka mbele: Mama kajifunga kitambaa chake kizuri, na pembeni yake Baba, mgongo wima, koti limefungwa vifungo vyote. Kumbe mteja mmoja alikuwa amemwambia ghalani kwamba binti yake anawavunja watu mbavu, na Baba, kwa sababu zake mwenyewe, akaamua kuja kuziona hizo mbavu. Hakumwambia mtu isipokuwa mkewe.

Chiriku alishtuka, lakini mdomo ulijua kazi. Alifanya cha kliniki ya meno, watu wakacheka. Alifanya cha mwenye nyumba, Mama akacheka hadi akamwegemea mgeni. Baba hakucheka. Alisikiliza jinsi anavyosikiliza redio, kichwa kimeinama upande, akivizia kosa. Chiriku akajiambia atashuka mapema, amalizie na kile cha duka la dawa. Si kizuri, lakini hakina madhara.

“Ya msiba!” mtu akaita kutoka nyuma. Na wengine wakaitikia.

Aliwapungia mkono wanyamaze. Hawakunyamaza. Alimwangalia Taratibu, na Taratibu akaangalia dari. Basi akaanza.

“Jirani yetu mmoja,” alisema, na macho yake yakakutana na ya baba yake.

Ukweli ni kwamba angeweza kuendelea. Wenye kazi hii wamedanganya mbele ya wakubwa kuliko Baba. Lakini Chiriku aliona kwamba mzee ameshajua. Neno “msiba” lilikuwa limemfikia, na alikuwa amekaa pale, mikono juu ya magoti, akisubiri kusikia amepewa jina gani. Chiriku akaona haya, si kwa sababu ya kichekesho, bali kwa sababu ya yule jirani. Alikuwa amemficha baba yake kama kitu cha aibu, na Baba hakuwa mtu wa kufichwa.

Akapiga moyo konde.

“Samahani,” alisema kwenye maiki. “Si jirani. Ni baba yangu.”

Akamsimulia. Safari hii hakutia chumvi hata punje. Alisimulia koti na kikohozi kimoja na wajomba walivyotulia. Alisimulia mtu ambaye maneno yake yalikaa wima, mtu ambaye ukoo ulimtegemea aseme lile ambalo wengine walishindwa. Aliwafanya wampende kwanza. Alisimulia kifo cha baba mkubwa, na ukumbi ukawa kimya kabisa, nailoni yote imeshika pumzi. Ndipo, kwa sauti ya baba yake, bila kuibeza, akalisema lile neno.

Kicheko kilipanda hadi kwenye feni. Chiriku hakukikanyaga. Kilipoanza kushuka hakuwa na neno la kuchekesha la kutia, kwa hiyo akasema tu lililokuwepo.

“Na mnajua nani alianza kucheka? Mjane. Mama mkubwa mwenyewe. Hakuwa amesema neno tangu jana yake. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, mdogo tu, nikaona mabega yanatikisika. Nikajua hapo kwamba nataka kufanya hiyo kazi aliyoifanya baba yangu.”

Hakuna aliyecheka, na yeye hakutegemea wacheke. Alikuwa anatafuta pa kuitua hadithi wakati kochi la kahawia lilipolia. Baba alikuwa amesimama.

“Shemeji alicheka?” aliuliza.

Hakuwa akiuuliza ukumbi. Watu waligeuka, wasijue kama huo ni mchezo au ni kweli.

“Alicheka, baba.”

“Mimi niliona mabega,” alisema Baba taratibu. “Nikadhani nimemliza. Miaka yote hii najua nimemliza.”

Mama alinyoosha mkono amvute koti akae. Chiriku akatikisa kichwa kumzuia. Kisha akafanya jambo ambalo mchekeshaji halifanyi kirahisi: alirudi nyuma hatua moja, akaishusha maiki, akaacha ukumbi uwe wa mtu mwingine.

Baba alishika kifungo cha juu cha koti, akakuta tayari kimefungwa. Akakohoa mara moja.

“Kama alicheka, basi binti yangu hakuwamalizia,” alisema, na sauti ile nzito ikafika hadi kwenye friji bila msaada wa maiki. “Si kosa lake. Kelele zilikuwa nyingi, hakusikia. Mimi sikujua nimechapia, kwa hiyo niliendelea.” Akasubiri. Mungu wangu, alivyosubiri. Chiriku alikuwa amefanya mazoezi mwaka mzima kusubiri namna ile, na hajaweza. “Nilisema: ‘Na mimi, kama mkubwa wa familia niliyebaki, nitalisimamia jambo hilo mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na hakuna atakayesahaulika.’”

Kile kilichotokea hakiwezi kuitwa kicheko kwa haki, kilikuwa kikubwa kuliko neno lenyewe. Makochi yote yalilia kwa pamoja. Mtu mmoja alishuka chini akakaa sakafuni kwa hiari yake. Taratibu, ambaye alishasikia kila kitu, aligeukia ukuta akaupiga kwa kiganja. Mama alicheka huku akifuta machozi kwa ncha ya kile kitambaa chake kizuri, na hayakuwa machozi ya kicheko peke yake. Na Baba alisimama katikati yao, amezungukwa na vinywa vilivyo wazi kama siku ile ile, akavitazama kimoja kimoja. Safari hii hakukaa.

Chiriku alikuwa jukwaani, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kichekesho kichwani mwake. Alijaa fahari. Alitamani kumshika bega kila aliyekuwa mle ndani na kumwambia, mmemwona? Kwa huyo ndiko nilikotoka.

Kicheko kilipanda, kikashuka. Baba aliinua mkono kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani, na watu wakatulia, hata wale wa nyuma kabisa ambao walikuwa wamesimama kwa kukosa viti.

“Ndugu zangu,” alisema. “Kwa niaba ya familia, naomba kumtambulisha binti yetu. Hii ndiyo kazi yake. Anaifanya vizuri.”

Kila neno lilikaa mahali pake. Chiriku alisimama na maiki mkononi, akalia mbele za watu, wala hakutafuta neno la kuwachekesha.