Marabu Aliyenolewa Kupita Kiasi

Wivu wa mume wangu haukuhusu mwanamke. Huo ningeujua pa kuushika. Nkandu aliionea wivu kamera.

Ulikuwa mwaka ule Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi. Watu wa Kivu walishuka mpaka kwetu Lubumbashi kwa boti na kwa lori, na mmoja wao, Jérémie, mpiga picha, akapanga chumba cha uani kwetu. Alikuja na shati moja, na kamera ameifunga tumboni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo watu husema. Nkandu hakupona, aliugua.

Jumapili ya kwanza walilinganisha zoom zao pale uani. Mwewe alikuwa ametua juu ya mnara wa simu, mbali. Nkandu akavuta kwa kamera yake mpaka ikagoma: ndege, mdomo, basi. Jérémie akavuta kwa yake, tukaona jicho la mwewe na kipande cha nyama kilichomganda mdomoni. Nkandu akasema hiyo ni zoom ya kompyuta tu, inatanua picha kama unga uliokandwa, haisogezi kitu. Jérémie akamjibu kwa upole kwamba hapana, ni lenzi yenyewe, hebu shika ujaribu. Nkandu akashika. Kuirudisha ndiko kulikomshinda, ilibidi nimwite mara mbili kwamba chakula kinapoa.

Mtaani kwetu mtu wa picha za wanyama alikuwa Nkandu. Alikuwa akilala kwenye matete ya mto Luapula kule Kasenga akimngoja tai mmoja anyakue samaki, na mimi nikibaki na studio yetu ya picha za harusi. Sasa migodi ilikuwa imepunguza watu, harusi zimekauka. Kazi nzuri iliyobaki ilikuwa moja. Lucien, mfanyabiashara wa Butembo mwenye malori, alitaka picha ya mnyama ya kufunika ukuta mzima wa depo, ghala lake jipya, na atakayeshinda angempigia picha zote za mwaka. Bila kazi hiyo tungefunga studio.

Nkandu alimtoa tai wake wa Kasenga. Jérémie hakuwa na cha kutoa ila kadi iliyobaki ndani ya kamera, na picha nzuri humo ilikuwa ya marabu, yule ndege mwenye kipara na mfuko shingoni, amesimama kwenye soko la samaki la Vitshumbi. Ndege mbaya kuliko wote, katika picha nzuri kuliko ya mume wangu. Mimi niliona hivyo, na Nkandu aliona kabla yangu.

Jérémie hakuwa na kompyuta. Akamwomba Nkandu amnolee picha kidogo tu, yaani aiongezee ukali, halafu aichapishe kubwa. Mume wangu akakubali akitabasamu. Tabasamu lile nalijua, ndilo alilowapa wajomba zangu siku ya mahari.

Nilisimama nyuma yake akifanya kazi. Kunoa picha ni kama kutia chumvi, na Nkandu alimwaga kopo zima. Manyoya yakawa misumari, mstari mweupe ukamzunguka ndege mwili mzima. Kivuli cha nyuma akakifungua kwa kukitia mwanga mpaka kikajaa chembechembe. Nikamwambia anaharibu kazi ya mtu. Akasema ukuta mkubwa unataka ukali. Ningeweza kuzima ile kompyuta, sikuizima. Studio ilikuwa yangu pia.

Kule depo, Lucien alizitandika picha mbili juu ya magunia ya maharagwe. Ya marabu ikamchekesha, eti ndege amepigwa na umeme. Akachagua tai. Nkandu akashinda, akanitazama kama mtu anayesubiri pongezi.

Jérémie hakusikia hata neno. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ile picha mbovu, kidole chake nyuma ya ndege, pale penye kivuli kilichofunguliwa. Alikuwapo mwanamke ameinamia samaki, kitenge kichwani, ameugeuza uso upande wetu. Uso wenye chembechembe, lakini uso. Alikuwa Dorcelle, mke wake. Walipotezana bandarini siku ya kukimbia, na simu yenye picha zake zote ilinyang'anywa njiani. Kadi ya kamera ilikuwa ya ndege tu.

"Njo yeye," alisema, akamgeukia mume wangu kama kaka yake mkubwa. "Mi nilipiga hii foto, sikumuona. Yaya Nkandu, weye njo umemutosha mu giza."

Akamshika mume wangu mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumtoa mke wake gizani, mpaka Lucien akatazama pembeni. Kisha akaikunja picha taratibu, akaenda nayo kwa madereva na kwa watu waliofika karibuni kutoka Goma, kuuliza kama kuna aliyemwona.

Nyumbani Nkandu hakugusa bukari, ule ugali wetu. Aliniambia hakuna mtu aliyewahi kulia mbele ya picha yake, na wivu ulikuwa uleule, haujapungua hata tone. Ningemcheka, kama mimi mwenyewe nisingekuwa mgonjwa kumzidi. Nilimwonea wivu Dorcelle, mwanamke ambaye hakuna ajuaye kama yu hai.

Nikafungua kompyuta, nikajitafuta. Tai, kiboko, korongo, tai. Katika miaka yote ya ndoa yetu nilipata kiwiko changu, kimeshika taa kwenye harusi ya watu.

Nikamwonyesha kile kiwiko. Nikamwita kwa jina la mtoto wetu, kama ninavyofanya jambo likiwa zito. "Papa Jephté, kama kesho napotea ku mupaka ya Kasumbalesa, utaonyesha batu foto gani?"

Aliondoka na kamera yake, akaniashiria nimfuate uani nikae kwenye kiti. Jua lilikuwa bado lipo. Akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jirani, polepole, bila kishindo, kama alivyozoea kwa ndege, akaanza kuvuta zoom.

"Miye shitaruka," nikamwambia, nikimwita kwa mkono. "Kuya karibu."