Gauni la Kuficha Tumbo

Mukamusoni alikuwa na magauni matatu tu ya harusi ya kukodisha, yametundikwa kwenye kamba nyuma ya duka lake la vitenge pale Omurushaka, lakini ukimsikia akiyaeleza ungedhani ana ghala zima Bukoba. Bibi harusi hakuruhusiwa kuchagua. Alisimamishwa katikati ya chumba, Mukamusoni akamzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani, kisha akatoa hukumu. Huyu mabega membamba, avae lenye mikono ya puto. Huyu hana nyuma, avae lenye marinda. Huyu Mungu alimuumba akiwa na nafasi, avae lolote.

Stephania alifika na hukumu yake mwenyewe kichwani. Alilitaka la kubana, lenye mkanda wa satini, kwa sababu kiuno ndicho kilichompa sifa Ihanda nzima. Hakuwa na uso wa kusimamisha watu njiani, na alilijua hilo bila kinyongo. Kiuno alikuwa nacho.

Zipu ilipanda hadi katikati ya mgongo, ikagoma.

"Vuta pumzi," Mukamusoni alisema. Akavuta. Zipu haikusogea. Mwanamke yule akapeleka mkono tumboni mwa msichana, akaugusa uvimbe ule mgumu chini ya kitovu, akautoa mkono polepole. Halafu akamtazama Eugenia, shangazi yake Stephania, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Wanawake wale wawili wakaongea kwa macho, na Stephania alisikia kila neno.

"Chukua hili," Mukamusoni alisema, akishusha gauni la tatu. "Linaanza kumwagika chini ya matiti, mpaka miguuni. Limewapeleka wengi madhabahuni. Hata mzee wa kanisa mwenye miwani haoni kitu."

"Asione kitu gani?"

Mukamusoni akalikung'uta gauni vumbi.

"Mama, mimi sina mimba."

"Maawe! Nani kataja mimba? Nimesema litakupendeza."

Katika usharika wao, bibi harusi mwenye mimba hakuvaa shela. Alitengwa pamoja na mwanamume wake, wakatubu mbele ya wazee, kisha ndoa yao ikabarikiwa siku ya kazi, asubuhi, bila kwaya wala vigelegele. Kwa hiyo gauni la tatu lilikuwa na kazi nyingi kuliko mengine yote, na lilikuwa limechakaa kuliko mengine yote.

"Shangazi," Stephania alisema, "sijalala na mwanamume. Wewe unanijua."

Eugenia akamshika shavu. "Mimi sikulaumu, mwanangu. Hata mimi nilikuwa msichana."

Afadhali angempiga kofi. Uvimbe ule Stephania alikuwa ameuona tangu mibuni ilipochanua, mgumu usiouma, kama parachichi bichi. Alipomwambia shangazi yake, alinyamazishwa haraka: usiseme kwa sauti, majirani watasikia. Alidhani shangazi hakutaka kumtia hofu. Sasa alielewa: tangu siku ile shangazi alidhani ni mimba.

"Nataka hili la kubana," alisema. "Lifumuliwe ubavuni, liongezwe. Nitalivaa waniangalie wote mpaka wachoke. Nikivaa lile la tatu nimekiri."

Mukamusoni akaguna, akachukua wembe, akaanza kufumua. "Kichwa kigumu," alimwambia Eugenia.

Shangazi hakulala na siri hiyo. Kwa mapenzi yake, na mapenzi yalikuwepo, alimwendea Byabato, mchumba mwenyewe, akamweleza kabla wazee wa kanisa hawajanusa. Jumapili jioni Byabato akaja. Walisimama migombani, mbali kidogo na nyumba, na Stephania akangoja kuulizwa. Alikuwa ameyapanga majibu yote.

Hakuulizwa.

"Nimekwenda kwa mchungaji," Byabato alisema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeleta zawadi. "Nimemwambia tulitangulia. Nimesema ni wangu."

"Byabato, wewe mwenyewe unajua hujanigusa."

"Najua. Ndiyo maana sikuulizi ni wa nani, wala sitakuuliza mpaka nife. Nitamlea."

Alitaka kupiga kelele. Mwanamume mzima amejipaka tope mbele ya mchungaji kwa ajili yake; wangapi wangefanya hivyo? Alimpenda kwa jambo hilo, na moyo ulimkufa kwa jambo hilo hilo.

"Basi nipeleke hospitali wanipime. Utaona."

"Wakupime ili iweje? Watu wahesabu miezi?" Akamshika mkono kwa upole. "Tukishaoana tutakwenda kliniki, taratibu, kama watu wengine."

Angekataa, angemfanya Byabato mwongo mbele ya kanisa. Alinyamaza. Gauni la kubana lilibaki Omurushaka limefumuliwa, halijavaliwa, na ndoa ikabarikiwa asubuhi ya siku ya kazi, Stephania akiwa ndani ya gauni lake la bluu la Jumapili. Hata mtu wa kupiga kigelegele kimoja hakupatikana.

Mama mkwe alifurahi. Alikata kanga kuukuu akatengeneza nepi, akampikia ndizi kwa maharage na kumlazimisha amalize. Tumbo likakua, mikono ikakonda. Kliniki ilitajwa, ikaahirishwa kwa sababu ya mavuno ya kahawa, ikatajwa tena. "Mtoto huyu ana uchoyo," mama mkwe alisema, "anamla mama yake." Stephania aliacha kukanusha. Usiku mwingine, kwa uchovu tu, alijaribu kuamini nao. Aliweka kiganja tumboni akangoja kitu kicheze. Hakikucheza.

Uchungu ulipoanza, haukuwa wa kuzaa. Walimpakia kwenye pikapu la kahawa hadi hospitali ya misheni, na daktari alipomaliza kumpima hakuzungukazunguka. Hapakuwa na mtoto. Hapajawahi kuwa na mtoto. Ulikuwa uvimbe, umeshaenea, na wakati wa kuukata ulikuwa umepita.

Stephania alifurahi. Furaha ilimfikia kabla ya hofu, akataka shangazi aitwe, mchungaji aitwe, Mukamusoni aitwe na wembe wake, wote wasikie. Halafu maneno yaliyobaki ya daktari yakamfikia nayo, lakini ile furaha haikuondoka. Vilikaa pamoja, naye alikuwa amechoka mno kuvitenganisha.

Byabato alipiga magoti kando ya kitanda, akalia bila kujali wagonjwa wengine. "Nilidhani nimekupenda kuliko mwanamume yeyote Karagwe. Nisamehe."

"Ulinipenda," Stephania alisema. "Mtoto wa mtu ungembeba mpaka akue. Neno langu moja tu ndilo lililokuwa zito."

Byabato akainuka. Alimpa maji, akamshikia kikombe. Stephania alikunywa kidogo, akageuza uso kumtazama.

"Nenda ukawaambie kanisani," alisema. "Jumapili hii, Byabato. Usingoje inayofuata."