Verdell na Ndoo Yake ya Risasi

Kaka yangu Verdell hupima risasi kwa ndoo. Simsengenyi, mwenyewe husema hivyo akifika uwanja wa shabaha: "Leo nimekuja na ndoo moja na nusu." Huzinunua kwa makasha kutoka mjini, akazimwaga kwenye ndoo ya plastiki iliyokuwa na grisi ya trekta, kisha akazichota kwa kiganja kama anayelisha kuku. Mimi boksi moja dogo hunitosha kiangazi kizima, na bado nikisimama naye mstarini hajui aende wapi.

Tulifundishwa na mtu mmoja. Baba alilima ngano hapa kaskazini mwa Montana, miaka ambayo ngano yenyewe ilikuwa haitaki kuota, na risasi hazikuwa kitu cha kuchezea. Jumapili tukitoka kanisani alitupa risasi moja moja, mimi na Verdell. Ukikosa kopo lililowekwa juu ya nguzo, basi, mpaka Jumapili ijayo. Verdell aliapa kwamba akipata pesa zake hataishiwa risasi tena maishani, na hilo amelitimiza. Mimi niliupenda ule utaratibu wa Baba, na sijauacha.

Baba alipokufa aliacha watoto wawili na bastola moja, ile ya kizamani yenye silinda ya matundu sita, ambayo lazima uivute nyundo kwa dole gumba kila unapotaka kufyatua. Aliagiza isiuzwe wala isigombewe: tuishindanie kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya kuvuna, na mshindi akae nayo hadi mavuno mengine. Tukishindwa kuamua, inabaki kwa aliyenayo. Na aliyekuwa nayo safari hii alikuwa Verdell.

Mwezi wa tatu mkewe, Orpha, alifariki. Mwezi wa saba, tukinywa kahawa kwenye ukumbi wa kanisa, Verdell akasema amekodisha shamba lake kwa jirani na anahamia Arizona, kwenye joto.

"Na bastola?" nikamuuliza.

"Mwaka huu tumalize, Ardis. Anayeshinda aichukue moja kwa moja. Mimi sitakuwa mtu wa kuendesha gari nusu ya nchi kila mavuno kwa ajili ya bastola."

Nikamwambia sawa, kwa sauti ya mtu asiyejali. Lakini nilijali sana. Verdell si mtu wa Krismasi, si mtu wa kadi, na simu akiipokea hujibu "ndiyo" na "hapana" mpaka uchoke. Hiyo bastola ndiyo iliyotukutanisha miaka yote. Ikienda naye Arizona, nimempoteza kaka yangu, na sikuwa tayari kumpoteza.

Wiki mbili kabla ya shindano nilimkuta uwanjani, mchana wa jua kali. Uwanja wetu ni malisho ya zamani tu yenye tuta la udongo mwishoni. Alikuwa amesimama katikati ya maganda ya risasi, yametapakaa na kung'aa mpaka huoni nyasi. Piga, piga, piga, jaza. Piga, piga, piga, jaza. Nikasubiri aache kupiga, nikavua vikinga masikio.

"Na wewe umekuja na nini?" akaniuliza.

Nikamwonyesha boksi langu.

"Hicho ni kifungua kinywa, dada. Chakula chenyewe kiko wapi?"

"Ndicho hiki. Na cha jioni kimo humo humo."

"Ndiyo maana umekonda."

"Na wewe ndiyo maana hulengi tena, unamwagilia."

Akacheka kidogo. Nikaitazama karatasi yake ya shabaha kule kwenye tuta. Ilikuwa imechanika vibaya hata duara jeusi halionekani, na nyasi za njia ya kuiendea zilikuwa zimesimama wima. Hakuna mtu aliyezikanyaga siku hiyo.

"Hujaenda kuangalia karatasi yako?"

"Nitaenda."

"Sasa utajuaje umekosea wapi?"

Akachota kiganja kingine kwenye ndoo, akaanza kujaza. "Nikiacha kupiga, Ardis, kunakuwa kimya," akasema. "Nyumbani kuko kimya tangu asubuhi mpaka asubuhi. Hapa angalau kuna kelele."

Nilimhurumia. Lakini niliona pia jambo jingine, maana huruma haijawahi kunifumba macho. Kabla ya kila mlipuko, mtutu wake ulikuwa unainama, kidogo sana, kama mtu anayekwepa kofi. Anayepiga kwa ndoo hawezi kuliona hilo. Mlipuko unalifunika, na kabla moshi haujaondoka yuko kwenye risasi nyingine.

Mimi mazoezi yangu huyafanyia jikoni. Najaza bastola yangu maganda matupu, yaliyokwisha kupigwa, ili nyundo isigonge chuma kitupu. Namlenga kuku aliyechorwa kwenye kopo la unga. Navuta nyundo, nafyatua: tk. Mtutu ukitikisika hata unywele, nimekosa, naanza upya. Hollis, mume wangu, hupita nyuma yangu na kikombe chake akiuliza kama kuku amekufa. Namjibu amekufa zamani, tunasubiri azikwe. Hapo sitoi hata senti, na hakuna mwanya wa kujidanganya.

Jumamosi ikafika. Klabu nzima ilikuwepo, akina mama wameleta viazi vya kuoka na nyama ya kusaga na birika kubwa za kahawa. Mkuu wa uwanja, mzee Delmar Ostby, alikuja moja kwa moja kutoka shambani, makapi ya ngano bado yamo kwenye kofia.

Tulipiga kwanza kwenye karatasi, kila mtu kwa bastola yake. Verdell alipiga vizuri, sitamnyima haki yake. Mkono ulioshika bastola maisha yote hauwezi kuwa mjinga kabisa, na bastola yake ya kisasa ni nzito, haimrushi. Delmar akahesabu matundu, akahesabu tena, akavua miwani.

"Mko sawa," akasema. "Haya, mkono wa mwenzio."

Mkono wa mwenzio ni desturi ya klabu yetu ya kutenganisha waliolingana. Mnatumia bastola moja, na hapa ilikuwa ya Baba. Mwenzako ndiye anayekujazia, mgongo wake umekuelekea, Delmar peke yake akiangalia. Anaweza kukuwekea risasi za kweli, maganda matupu, au mchanganyiko anaoutaka. Wewe unapewa bastola silinda ikiwa imefungwa, usijue kilichomo, na unafyatua mara sita kwenye sahani ya chuma. Risasi ya kweli isipoiliza sahani, umeshindwa. Mtutu ukiinama kwenye ganda tupu, umeshindwa pia, na watu wote wanakutazama.

Mkubwa hutangulia. Nikamjazia kaka yangu. Nilimwekea risasi moja ya kweli, ya kwanza, ili mkono ukumbuke jinsi bastola ya Baba inavyopiga teke. Baada ya hapo nikamwekea maganda tu. Delmar aliniangalia, akajikuna shingo.

Verdell akasimama, akavuta nyundo. Mlipuko, kisha sahani ikalia. Watu wakapiga makofi. Akavuta nyundo tena, akafyatua.

Tk.

Na mtutu ukazama kuelekea nyasi, si kidogo, kwa nguvu zote za mkono, kama amesukumwa kwa nyuma. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja aliacha kijiko hewani. Verdell akabaki ameitazama bastola kama imemtukana, akamaliza zamu yake, na kila tk mtutu ukainama vile vile. Alijua sasa, na bado hakuweza kuuzuia.

"Tangu lini?" akaniuliza aliponipita, kwa sauti ya chini.

"Sijui. Niliona wiki mbili zilizopita."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeshinda."

Hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa, kama mchezaji anayekubali hesabu, akaichukua bastola kwenda kunijazia. Kwa sheria bado sikuwa nimeshinda. Nikikosea nami, bastola inabaki kwake, na Jumatatu, siku anayohama, itakuwa njiani kwenda Arizona. Alijaza polepole. Safari hii Delmar hakujikuna shingo, alitabasamu, na hilo halikunipendeza.

Nilitarajia maganda, kwa kuwa nilimlisha maganda. Ya kwanza ikalipuka, sahani ikalia. Nikasema haya, sasa litakuja ganda. Ya pili ikalipuka. Ya tatu pia, na kiganja kikaanza kuwaka moto. Hapo nikamwelewa. Alikuwa amenijazia zote za kweli, mimi niliyezoea tk ya jikoni, niliyeshinda kiangazi kizima kwa kifungua kinywa. Alitaka mkono wangu uchoke, uanze kuinama kama wake. Bastola ya Baba haina huruma, na kufikia ya nne kifundo cha mkono kilikuwa kinapiga kelele kuliko bastola.

Ya nne sahani ikalia. Kwa ya tano nikahisi kitu nilichokuwa sijakihisi tangu nikiwa msichana: dole gumba halitaki kuivuta nyundo. Nikamkumbuka yule kuku kwenye kopo la unga. Nikaiambia risasi ile: wewe ni ganda. Nikaiambia hivyo na nikaiamini, nikafyatua kama ninavyofyatua jikoni, Hollis akipita nyuma yangu na kikombe. Ikalia. Ya sita nikaiambia maneno yale yale, na machozi yalikuwa yameanza kunitoka kwa maumivu. Risasi ikaigonga sahani pembeni kabisa, mlio mdogo, wa aibu. Lakini ulikuwa mlio.

"Imelia," akasema Delmar.

Verdell akanikabidhi mkoba wa ngozi wa bastola. "Ni yako," akasema. "Moja kwa moja, kama tulivyokubaliana."

"Mbona hukuniwekea ganda hata moja?"

"La nini? Maganda ni ndugu zako. Nilitaka nione kama risasi bado unazijua."

"Nazijua."

"Nimeona."

Nikafunga mkoba. "Sasa nisikilize, kaka. Bastola ni yangu, kwa hiyo utaratibu ni wangu. Jumamosi ya kwanza baada ya kuvuna, naishindanisha hapa hapa. Na asiyefika, nitamtangaza mbele ya klabu nzima kuwa aliogopa ganda tupu."

"Kutoka Arizona, Ardis?"

"Barabara ipo. Ina lami mpaka kwa Delmar."

Akatingisha kichwa, akaenda kujipakulia viazi.

Jumatatu alipopita kuaga aliniachia ndoo zake za risasi barazani, akidai ni uzito wa bure kwenye gari. Akaniomba maganda matupu. Nikamtilia kiganja kimoja kwenye mfuko wa koti.

Katikati ya Novemba simu ikaita tukiwa mezani. Alikuwa Verdell, ambaye hapigi simu. Akauliza theluji imefika wapi, nikamwambia. Akauliza hali ya Hollis, nikamwambia. Kisha akanyamaza, nikadhani amekata. Nikasikia: tk.

Nikaacha uma. Nyumba yake ilikuwa kimya kabisa, nilikisikia kimya chenyewe kupitia simu, naye amekaa ndani yake, hakikimbii.

Tk.

"Umeinamisha," nikamwambia.

"Utajuaje? Hunioni."

"Najua."

Akavuta pumzi, na nikasikia nyundo ikivutwa tena.