Mharage wa Kabatini

Jumatatu saa mbili kasorobo, mwalimu wa darasa la pili alirudi kutoka semina ya siku tano na boksi la zana alizozitengeneza mwenyewe: vizibo mia mbili vya soda, saa ya kadibodi, na kopo la udongo lenye mbegu moja ya maharage. Kule walifundishwa kwamba mbegu moja inatosha kufundishia hesabu, sayansi na lugha kwa mpigo, mradi mtoto aishike. Na yeye alikuwa na watoto kumi na mmoja ambao wasipojua kuhesabu kufikia mwisho wa muhula, wangerudia darasa.

Mwalimu mkuu alilipokea boksi kwa mikono miwili, akalifungia kabatini ofisini kwake.

“Wataziharibu hawa. Tusubiri mkaguzi aje azione.”

“Lakini mkuu, zimetengenezwa zishikwe.”

“Ndivyo zinavyoharibika, mwalimu.”

Roho ilimuuma mwalimu. Zana za semina ya mwaka juzi nazo ziliingia kabati hilo hilo, na hakuna aliyeziona tena. Ziko wapi? Thubutu uulize.

Alhamisi mharage ulitokea kwenye tundu la ufunguo la kabati, ukafuata korido, ukakata kushoto penye stoo, ukaingia darasa la pili na kutulia karibu na ubao. Badala ya maganda ulizaa vizibo vya soda. Watoto walivichuma wakahesabu, wakapima shina kwa shubiri, wakaandika majina ya sehemu zake. Hadi kengele ya kutoka, wale kumi na mmoja walikuwa wamefika mia, tena bila kusukumwa.

Mwalimu mkuu alitaka kujua jambo moja tu.

“Nani ana ufunguo wa pili?”

Alibadilisha kufuli. Akamhoji mfagizi. Akapekua mkoba wa mwalimu mbele ya wenzake, akakuta chaki na kitana. Mwalimu naye alianza kuutilia shaka mmea wenyewe, maana kila alipomsema mkuu, ncha yake ilimgeukia. Huu nao usije ukawa mpelelezi, alijiambia, akawa anafundisha kwa sauti ya chini.

Mkaguzi alikuja wiki iliyofuata. Alishika jani, akatoa fomu.

“Watoto wanajifunza kwa vitendo?”

“Kila siku,” alisema mkuu. “Zana zote ziko mikononi mwao. Mwalimu wao atathibitisha.”

Kisha akamwinamia mwalimu sikioni. “Saini, mama. Usiposaini, naukata mmea huu leo leo.”

Mwalimu aliwatazama watoto wake, akasaini. Kalamu ilikuwa nzito, na aliona aibu hadi masikioni.

Gari la mkaguzi lilipotoka getini, mkuu alikwenda kabatini akaanza kuvuta. Shina lilirudi taratibu kupitia tundu la ufunguo, jani kwa jani, vizibo vikigonga mlango. Alipomaliza aliongeza kufuli la pili, akanawa mikono.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa wa karatasi. Wale kumi na mmoja walinyoosha mikono wakaomba vizibo, na mwalimu akawaambia waandike tu. Wote walirudia darasa.

Barua ya pongezi kutoka kwa mkaguzi ilifika likizo ilipoanza. Shule ilikuwa mfano wa kuigwa, na mwalimu wa darasa la pili aliteuliwa kwenda kuwafundisha wenzake kwenye semina ijayo. Alipiga pasi gauni la bluu, akaenda.