Uzi Mwekundu wa Kifungo cha Mwisho

Fundi wa makochi aliamua kutengenezewa tovuti, na sababu yake mtaa mzima uliijua: mdogo wake. Walitengana mwaka jana kwa maneno makali, mdogo mtu akafungua karakana yake mtaa wa pili, na sasa wateja wanamwona kwenye simu kabla hata hawajavuka barabara. Fundi alifuta namba ya mdogo wake siku ileile ya ugomvi. Alitaka tovuti ya kummeza mzimamzima.

Tatizo, nani aitengeneze? Wa kwanza kuja, ambaye mke wa fundi alimbatiza Bwana Miwani, alimwaga maneno ya kikoa, seva na algoriti. Fundi aliitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma.

"Umeelewa alichosema?" mke akauliza mgeni alipoondoka.

"Sijaambulia kitu. Wewe?"

"Mimi nilikuwa naangalia viatu vyake."

Wa pili alikuwa dada mmoja mpole. Alikaa kwenye kochi lililovuliwa kitambaa, akafungua kompyuta yake. "Mzee, maneno mengi ya nini? Tazama kazi zangu."

Picha ya kwanza ilimshtua fundi. Kochi la kijani, na kifungo cha mwisho upande wa kulia kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Hiyo ilikuwa alama ya marehemu baba yake, aliyewafundisha wote wawili kushona. Kazi isiyo na alama, mzee alizoea kusema, ni mtoto asiye na ukoo.

"Hilo kochi langu," fundi akasema. "Mmeniibia picha."

"Hapana, mzee. Nimepiga mwenyewe, kwa mteja wangu wa mtaa wa pili."

Fundi akasogeza uso. Mishono yote ililalia kushoto. Katika ukoo wao, aliyeshona kwa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu.

Hapo akachanganyikiwa kuliko alivyochanganyikiwa kwa Bwana Miwani. Mtu anakwambia mbele ya wateja kwamba mambo ya baba yamepitwa na wakati, anabeba mkasi wake anaondoka, halafu anakaa huko peke yake anashona uzi wa baba? Fundi alimkasirikia, akamwonea huruma, akajikasirikia na yeye mwenyewe, na hakujua aanze na lipi.

"Sasa unamchagua nani?" mke akauliza taratibu.

"Huyu. Lakini kwanza anisomee namba ya simu iliyoandikwa hapo chini ya picha."

Dada akasoma, fundi akabonyeza kwenye simu yake. Akakohoa, akajipanga: atajitambulisha kwanza, maana huko haitajulikana ni nani anayepiga.

Simu ikapokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Shikamoo, kaka," sauti ikasema.

Kumbe mwenzake hakuwa ameifuta namba ya kaka yake.