Kati ya "Kata" na "Anza"

Fundi wa friji alikuwa na ugonjwa usio na dawa hospitalini: alitaka kutengeneza sinema. Kutunga, kuongoza, kushika kamera na, ikibidi, kubeba viti. Mtaani walimwita Mwongozaji, nusu kwa mzaha, nusu kwa kumhurumia, naye aliitikia nusu zote mbili.

Kutwa alikuwa amepiga magoti nyuma ya mafriji ya watu. Jioni akirudi ananawa grisi, anakaa kutunga, na hapo ndipo shughuli ilipoanza. Mota iliyokufa aliweza kuifufua, lakini watu wake wa hadithini walikataa katakata kuamka. Aliwapa kazi, mapenzi, misiba, kila kitu. Wakifungua mdomo tu, basi, kazi imeharibika. Aliwahi kumpelekea hadithi mhariri mmoja wa gazeti, mama wa miwani asiyejua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Yule mama alisoma kurasa mbili, akavua miwani.

"Kaka, hawa watu wako wanaongea kama barua ya kuomba kazi. Kwani wewe nyumbani kwako huongei na mtu?"

Alicheka, akaaga, akaondoka, lakini swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Nyumbani kwake alikuwepo dada yake tu. Mke aliwahi kuwepo, akaondoka akisema amechoka kuolewa na mtu asiyekuwepo hata akiwa amekaa mbele yake. Tangu hapo nyumba ilibaki ya wawili, kamera chumba hiki na cherehani chumba kile. Dada mtu alikuwa mshonaji, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kila jioni cherehani ilikuwa ikinyamaza kidogo, na dada akiuliza kutoka kulekule, "Umekula?" Naye akijibu, "Mm." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na maskini, yeye alidhani yanatosha.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa na sinema iliyokaribia kwisha. Kijana ameondoka kwao kwa hasira, miaka imepita, sasa anarudi na kubisha hodi, na mama yake anamkaribisha ndani. Kilikuwa kimebaki kipande hicho cha mwisho tu. Lakini waigizaji, loo! Kinyozi aliyekuwa baba alinyoa ndevu zake sinema ikiwa katikati, ikabidi baba afe ghafla bila hata kuugua. Muuza duka aliyeahidi kuwa mama alipata mchumba, na mchumba akasema mke wake hawezi kuitwa mama na jitu zima, hata kwa kuigiza. Kijana mwenyewe alihama mtaa bila kuaga. Mwongozaji akaamua kwamba kijana ataonekana mgongo tu, na mgongo huo atautoa yeye. Kwa mama, akabaki dada.

Na dada alikuwa anaondoka. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mbali, alikuwa amejifungua mapacha, na mume wake kazi zake ni za safari. "Mama, njoo ukae na sisi moja kwa moja," binti alikuwa amemwambia kwenye simu. Dada alimpa mdogo wake habari hiyo mezani, huku akikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Alipomaliza kusema, akamtazama.

"Nenda, dada!" akasema Mwongozaji kwa uchangamfu wote alioweza kuukusanya. "Nenda kabisa. Chumba chako nitakifanya studio."

"Haya," dada akajibu. "Studio ni kitu kizuri."

Mtu mzima huyo, jamani, na mvi zake kichwani! Moyoni alikuwa anakatika vipande. Aliiwaza nyumba bila cherehani. Lakini kusema hakujua, akaona heri atanie.

Kipande cha mwisho walikipiga mchana, siku moja kabla ya safari. Kamera yenyewe aliinunua kwa mpiga picha wa harusi aliyeacha kazi. Ilikuwa nzima, isipokuwa kile kitaa chekundu kinachokuambia kwamba inarekodi kilikufa zamani, na kioo chake kidogo kilikuwa na ufa na giza. Kitufe kilikuwa kimoja: ukibonyeza inaanza, ukibonyeza tena inasimama, na katikati ni lazima ukumbuke mwenyewe uko wapi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Mwongozaji siku hiyo zilikuwa zimenyolewa.

Akaiweka kamera juu ya meza ya kupigia pasi, akaielekeza kwenye viti viwili vinavyotazamana. "Anza!" akasema, akabonyeza, akakimbilia mlangoni. Akabisha hodi, akaingia, akakaa, mgongo wake ukiielekea kamera. Dada akamtazama na kusema maneno aliyoandikiwa: "Mwanangu, malango ya moyo wangu hayajapata kufungwa, na msamaha wangu ulikutangulia njiani."

"Kata!" Akaruka, akabonyeza tena. "Dada, turudie. Sema kama unamaanisha."

"Nani anaongea hivi? Mama yetu angemwambia mtu mambo ya malango?"

"Hii ni sanaa, dada."

"Haya."

Wakarudia, wakarudia tena. Dada alimeza neno, akaruka neno, akacheka mahali pa kulia. Kisha seremala wa jirani akaanza kukereza mbao, ikabidi Mwongozaji atoke akamwombe anyamaze kidogo. Seremala hakuwa mtu wa kuharakishwa. Kwanza salamu, kisha habari za mgongo wake, kisha njoo uone huu mlango ninaoutengeneza. Mwongozaji aliporudi alimkuta dada amekaa palepale, anajifunga upya kilemba chake. Safari hiyo alisema maneno yote bila kukosea hata moja.

"Hapohapo!" Mwongozaji akapiga makofi. "Dada, umemaliza kila kitu!"

Asubuhi gari likaja. Dada alipakia cherehani, akapakia masanduku, akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu. "Ule," akamwambia.

"Mm," akajibu.

Nyumba ilimgeuka. Pale cherehani iliposimama pakabaki alama za miguu yake sakafuni na pini kwenye kona, ambazo alizikanyaga moja moja bila viatu. Chumba kile hakukifanya studio wala hakukifanya chochote, alikifunga. Jioni alijikuta akisema "Mm" na hakuna aliyemuuliza. Friji ikinguruma jikoni alidhani ni cherehani, akageuza kichwa, mpaka siku moja, fundi mzima wa friji, akachomoa waya wa friji yake mwenyewe. Ndani mlikuwa na chupa ya maji tu.

Kilichomshika ni ile sinema. Alijiambia kwamba akiimaliza ataitafutia mahali pa kuonyeshwa, watu watakaa kwenye viti watazame, na hatakuwa mtu wa bure. Basi Jumapili mchana akaketi mbele ya kompyuta, akafungua kipande cha mwisho.

Kitu cha kwanza kuonekana ni mguu wake mwenyewe. Kisha dada akiuliza kama kilemba kimekaa vizuri. Kisha sauti yake yeye: "Anza!" Halafu giza. Kipande cha pili kikaanza pale alipomaliza kusema "Kata", naye anaingia akilalamika habari za sanaa, na kikaishia tena kwenye "Anza!" Roho ikamruka. Akafungua cha tatu, cha nne, jasho linamtoka. Bila shaka alikuwa amekibonyeza kitufe kabla hawajaanza, alipokuwa anaiweka sawa kamera, akasahau. Kwa hiyo kila aliposema "Anza", ndipo alipozima, na kila aliposema "Kata", ndipo alipowasha. Uigizaji wote haukuwepo, hata neno. Yalikuwepo tu yale ya katikati.

Alilia, tusifichane. Aliweka kichwa juu ya meza akalia. Mwigizaji wake yuko mbali, sinema imekufa, na kosa ni la kidole chake mwenyewe. Mashine ikaendelea kucheza vipande bila yeye kutazama, mpaka aliposikia msumeno wa seremala.

Akainua kichwa. Sauti yake ilikuwa inasema, "Nakuja, dada," na mlango ukafungwa. Dada amebaki peke yake, na mbele yake kiti kitupu. Amekaa kidogo, kisha anajaribu: "Mwanangu, malango ya... ya nini sijui." Anacheka mwenyewe. Msumeno unanyamaza. Anakitazama kile kiti.

"Wewe nawe," anakiambia. "Mwezi mzima nangoja useme neno moja. Dada, usiende. Basi. Ningempigia binti nimwambie nitakuja kutembea tu, nitarudi. Wewe unaniambia studio." Anapangusa jicho kwa pembe ya kilemba. "Kila mtu umemtungia maneno. Ya kwako umeyaweka wapi?"

Hatua zinasikika nje. Dada anafungua kilemba haraka, anaanza kukifunga upya. Mgongo wa Mwongozaji unaingia.

"Tayari, dada? Safari hii sema kama unamaanisha."

"Tayari."

"Anza!" Na giza.

Wazo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, lilikuwa kwamba hatimaye mtu ameongea kama mtu ndani ya sinema yake. Wazo la pili likaja baadaye: mtu huyo alikuwa akiongea na yeye. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, na safari hiyo alikuwa amejishika mdomo.

Akachukua simu. Kama kawaida yake, akaanza kutunga kichwani: Dada yangu mpendwa, kuondoka kwako kumeniachia pengo lisilozibika... Barua ya kuomba kazi. Akaachana nayo, akapiga moyo konde, akapiga simu bila kujua atasema nini.

Kwanza zilisikika sauti za watoto wawili wakilia kwa zamu. "Umekula?" dada akauliza, hata salamu bado.

"Bado. Dada, nilitaka usiende."



"Ungesema," dada akasema taratibu.

"Sikujua kusema. Nasema sasa. Nilitaka ubaki. Nyumba imenishinda, dada, siiwezi peke yangu."

"Rudia," dada akasema. "Watoto wanalia, sijasikia vizuri."

Watoto walikuwa wamenyamaza kitambo. Yeye alijua, na dada alijua kwamba anajua. Akarudia. Sauti ilimkatikia katikati, maneno yakapishana, akaanza upya, na dada hakumkatiza wala hakumsahihisha.

"Umechelewa, mdogo wangu," akasema mwishowe. "Hawa wameshanizoea. Siwezi kuwaacha."

"Najua."

"Lakini nimekusikia." Akapenga kamasi. "Sasa nenda ukapike. Ukishamaliza unipigie, na usiniambie 'Mm'. Unitajie umekula nini."

Akaenda jikoni, akaitafuta plagi nyuma ya friji, akaichomeka.