Timu Isiyo na Magongo

Mwalimu Gurdial alikuwa mbishi, na ubishi wake ulinitisha kuliko baridi ya Kilburn. Huyu Singasinga wa Nairobi alikuwa mlinda mlango wa mpira wa magongo, kisha mwalimu wa michezo kwa miaka mingi. Mwaka 1972 chuo chetu cha London kilimpa ukurugenzi wa michezo, kwa majaribio. Mkuu wa chuo, Bi Margaret, alimwambia mbele yangu mimi Suad, karani wa Mwalimu, Mzanzibari: fujo moja tu, kazi basi.

Naye Mwalimu kila Jumamosi alitaka timu iende uwanjani kwa miguu, wawili wawili, magongo begani, wakiimba. Ndivyo walivyofanya kwao. Wachezaji karibu wote walikuwa Wahindi wa Kenya na Uganda, wageni kama sisi.

"Mwalimu, hapa si Ngara ya Nairobi," nilimwambia. "Majuzi vijana wa Kizungu wamempiga muuza duka wa Kihindi mchana kweupe. Wapandishe bus, tafadhali."

"Dada Suad, unaogopa sana, bwana. Hii ni team, si gang. Timu haijifichi."

Basi tukatoka, mimi nyuma na kikapu cha machungwa. Hatukufika mbali. Ng'ambo ya barabara, vijana wa Kizungu nje ya baa waliacha kucheka, wakaanza kutufuata polepole. Wimbo ukakatika wenyewe. Nikaona mikono ikikaza magongo, na nikashukuru, Mungu anisamehe, kwamba tunayo.

Gari la polisi likasimama. Nikashusha pumzi. Askari akawapita wale vijana kama nguzo za taa, akaja kwetu. Mtu alikuwa amepiga simu: genge la Wahindi lina silaha.

Mwalimu alijitambulisha kwa Kiingereza chake kizuri, cheo na jina la chuo. Askari alikitazama kilemba, akacheka. Ama tutoe magongo, ama sote kituoni.

Kituoni maana yake fujo, na fujo maana yake Bi Margaret. Nilimwona Mwalimu akiliwaza hilo.

"Harish," alimwambia nahodha, "wape."

Magongo yakatupwa garini moja moja. Gari likaondoka.

Wale vijana walikuwa wameshavuka barabara, na mikononi wana chupa.

"Nimewaponza," Mwalimu alisema. Akavua koti, akanikabidhi. "Dada, wapeleke college." Kisha akapaza ile sauti ya uwanjani: "Kimbieni!"

Tulikimbia, machungwa yakimwagika njiani. Kwenye kona niligeuka. Mwalimu alikuwa katikati ya njia, magoti kayakunja, mikono kaitanua, kama langoni. Gongo hana. Nikasikia chupa ya kwanza ikipasuka.

Wachezaji wote walifika chuoni bila mkwaruzo. Jumatatu Bi Margaret alikuja ofisini kuuliza nani alianzisha fujo. Mwalimu yuko hospitali, taya limefungwa waya, hawezi kujibu. Nikajibu mimi.

"Tulikuwa tunaimba," nilisema.